Sekunde Arobaini Ambazo Hakuna Aliyeziona: Risala ya Wazazi wa Darasa la Jumamosi

Mgeni rasmi, mama yetu Mkurugenzi wa Elimu Masafa. Msimamizi wa kituo. Mwalimu wetu wa Jumamosi. Mkuu wa shule jirani, uliyekubali kuzunguka ukuta kuja kutusikiliza. Wazazi wenzetu, walezi, na ninyi watoto mliokaa huko nyuma kimya kuliko kawaida yenu:

UKARIBISHO

Karibu sana, mama. Tunajua hukuja kunywa chai. Umekuja kwa ajili ya barua uliyotuandikia mwenyewe, na barua hiyo tunayo hapa mezani. Imepita mikono mingi mpaka imelainika kama kitambaa. Inasema kwamba katika mtihani wa kujipima, karatasi za fizikia za watoto wetu zilifanana kiasi cha kutia shaka, na kwamba kituo hiki kimesimamishwa kufanya mtihani wa vitendo mpaka utakapojiridhisha. Mtihani wenyewe umebakiza wiki kumi. Ukikataa leo, watoto ishirini na wanane wataandika nadharia tupu, na vyuo wanavyovitaka havipokei nadharia tupu.

Risala hii tumeitunga wengi, ila anayeisoma ni mwenzetu mshonaji. Elimu yake ni ya msingi, kwa hiyo akikwama kwenye neno msimcheke. Tulitaka asome katibu wetu, mwenye sauti nzuri, lakini mshonaji alikataa katakata. Alisema, "Aliyemwaga maji ndiye ashike tambara." Utaelewa mbele kidogo kwa nini alisema hivyo.

TULIKOTOKA

Darasa la Jumamosi lina miaka minne. Wanafunzi wake ni wale ambao shule ya kila siku iliwapita: wengine walibaki nyumbani kuuguza, wengine walipata watoto mapema, wengine wako kazini tangu Jumatatu. Vitini vinakuja kwa posta kila mwezi. Wanasoma nyumbani, kisha Jumamosi wanakutana na mwalimu katika chumba cha nyuma cha ukumbi huu, kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika miguu.

Historia inasomeka hata kwenye kiti kibovu. Fizikia ndiyo ilitushinda. Mwalimu wetu hana kifaa hata kimoja, basi kila Jumamosi huja mapema na kuchora maabara ubaoni: meza, betri, nyaya, ammita ya kupimia umeme yenye mshale wake. Watoto hutoka mmoja mmoja, huweka kidole kwenye chaki na kusema, "Hapa naunga, hapa nasoma." Siku moja binti wa zamu alifuta ubao kabla ya wakati, na mwenzake akapiga ukelele: "Mwalimu, maabara imefutwa!" Tulicheka mpaka machozi. Tukikumbuka sasa, hatucheki tena.

Na nyuma ya ukuta huu, mama, hatua thelathini kutoka hapa ulipokaa, kuna maabara ya kweli ya shule jirani. Jumamosi hufungwa. Watoto wetu wanazijua ammita kwa kuzichungulia dirishani.

KOSA LETU

Desturi ni kusoma mafanikio hapa. Tuvumilie, sisi tunatanguliza kosa, maana hayo mafanikio kidogo tuliyonayo yamezaliwa nalo.

Mshonaji ana binti mmoja, miaka kumi na tisa. Mtaa mzima unamwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa na miaka miwili alimeza kifungo cha koti la mteja na mteja akakaa siku mbili akisubiri koti lake. Kutwa yuko na mama yake chumbani mwa cherehani: anapiga pasi, anashona vifungo. Kupima na kukata ni kwa mama. Ndoto yake ni chuo cha ufundi wa mashine za hospitali.

Jumapili moja mchana Kifungo alifungua kitini. Kinasema: ning'iniza kitu kwenye uzi wa mita moja, kibembee mara ishirini, angalia saa. Chini yake kuna jedwali la mfano, tayari limejazwa: sekunde arobaini. Kifungo akachukua futi ya mama yake msumarini, akapima uzi wa jinzi, akafungia kufuli, akaning'iniza kwenye fremu ya mlango.

"Mama, shika simu. Nikisema haya, bonyeza."

"Nibonyeze wapi? Naona vidude viwili."

"Cha kijani, mama. Chekundu ni cha kusimamisha."

"Ungesema mapema. Mimi nilishajiandaa na chekundu."

Wakahesabu. Thelathini na sita. Wakarudia: thelathini na sita. Mshonaji akasema labda kufuli ni zito, wakalitoa, wakafunga kipande cha sabuni. Thelathini na sita.

"Inagoma," Kifungo akasema. "Kitini kinasema arobaini."

"Wewe na waliokiandika kitini, nani kasoma?"

"Wao."

"Basi futa, uandike yao. Unataka kushindana na watu waliokwenda chuo kwa kipande cha sabuni?"

"Lakini mama, tumehesabu mara tatu."

"Hata mara mia. Futa, mwanangu, usije ukafeli bure."

Mtoto akachukua kifutio, akafuta. Mgeni rasmi, mshonaji hajawahi kumkatia mteja nguo kwa vipimo vya jirani yake. Mteja akija amenenepa, anampima upya, hata mteja akinuna. Lakini siku ile alimkatia mwanawe jibu kwa kipimo cha mtu asiyemjua, akajiona amemsaidia.

Jumamosi iliyofuata, mwalimu akiwa nje anapokea vitini, Kifungo aliwaeleza wenzake alichofundishwa nyumbani: "Ukiona tofauti, mkono wako ndio umekosea. Wewe andika ya kwenye kitini." Wakaamini. Hakukuwa na kifaa hata kimoja cha kuwabishia.

Kwenye mtihani wa kujipima wakapewa uzi mfupi zaidi. Kwa saa zao wenyewe waliona sekunde thelathini na mbili. Ishirini na saba wakaandika arobaini. Aliyeandika thelathini na mbili alikuwa mmoja tu, dada muuza mboga tunayemwita Bi Kesho, kwa kuwa kila akiulizwa kama amesoma kitini hujibu, "Nitasoma kesho." Msimamizi alipomhoji alijibu, "Mimi sikujua inatakiwa ngapi. Nikaandika niliyoiona."

Mama, hatutetei uvivu. Ila tunakiri kwamba siku hiyo aliyekuwa salama ni yule ambaye hatukumwahi na mawaidha yetu.

Barua yako ilipofika, Kifungo alikaa siku mbili bila kula vizuri, kisha akamwambia mama yake yote. Mshonaji hakumgombeza. Alisema, "Leta kufuli." Kifungo akaanza kupima uzi upya, na mama safari hii akawa anamtazama mikono.

"Mwanangu, unaanzia wapi?"

"Mwanzoni, mama. Huku kwenye ncha mpaka mia."

Mshonaji akakaa chini. Futi ile ina miaka kumi na moja, na mwanzo wake, sentimita ishirini nzima, uliungua na pasi zamani. Inaanzia ishirini. Yeye mkono umezoea kutoa ishirini bila kufikiri, na hakuwahi kumwambia mtu, maana hakuna mwingine aliyekuwa akiitumia. Uzi wa Jumapili ile haukuwa mita moja. Ulikuwa sentimita themanini.

Wakaazima rula ndefu kwa seremala, wakapima mita kamili, wakabembeza. Arobaini.

Kwa hiyo kufuli lilisema kweli, sabuni ilisema kweli, saa ilisema kweli. Mara tatu vilimwambia mshonaji kwamba futi yake imekatika, naye akavinyamazisha kwa kifutio. Na kitini nacho hakikudanganya. Kilizungumzia uzi mwingine.

LINALOTUTISHA

Watoto wetu hawakuibiana majibu, mgeni rasmi. Tungependa tuishie hapo, tufute machozi, tukusindikize. Lakini kilichotokea ni kibaya kuliko kuibiana, na tunaona tuwaonye wazazi wenzetu na tukuonye hata wewe, kwa heshima zote.

Anayeibia anajua anaibia. Watoto hawa waliona kitu kwa macho yao, wakayaonea aibu macho yao, wakaandika kingine kwa mwandiko mzuri. Na walidhani hiyo ndiyo elimu, kwa sababu sisi wakubwa tuliwaambia. Kifungo akifika anakotaka kufika, ipo siku atapima mashine inayompumulia mgonjwa. Mshale utasimama mahali ambapo kitabu hakikusema. Je, atafuta? Mgonjwa huyo anaweza kuwa mshonaji. Anaweza kuwa wewe, mama.

Mtoto anayesomea maabara ya chaki hana njia ya kujua lini kitabu kinazungumzia uzi mwingine. Hiyo ndiyo hofu yetu.

TULIYOKWISHA KUFANYA

Hatukukaa tukisubiri huruma. Wiki iliyofuata mwalimu alituita wote, wazazi na watoto, akasema maneno mafupi: "Kuanzia leo kifutio hakiingii chumba hiki." Namba ikionekana si sahihi, inakatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, na pembeni mtoto anaandika kwa nini ameikata. Kama hana sababu, haikati. Mlangoni pamewekwa kopo la vifungo la mshonaji, na kila anayeingia anatumbukiza kifutio chake.

Wazazi tukaleta tulivyo navyo. Kinyozi ametoa vioo viwili, watoto wanapima mwanga unavyorudi. Muuza nyama ametoa mizani ya zamani. Yeye mwenyewe alikuja kuitetea kwamba haijawahi kudanganya, watoto wakaipima, wakakuta inazidisha gramu arobaini. Alikunja uso, lakini kesho yake tulimwona akirekebisha ile ya dukani. Fundi wa simu ameleta betri na nyaya. Seremala ameunga meza kwa viti vibovu vilevile vya stoo. Futi ya mshonaji nayo ipo, imetundikwa ukutani ikiwa na maandishi: INAANZIA ISHIRINI.

Kwa wiki tano sasa watoto wanabishana na vitini. Daftari zimejaa mistari ya kukata, hazipendezi machoni. Tunaziona nzuri.

MAOMBI

Vioo na mizani vina mwisho wake. Ammita haiwezi kutengenezwa kwa kiti, na mtihani hautamuuliza mtoto kuhusu kopo la vifungo.

Tunaomba ufunguo wa maabara ya jirani, Jumamosi, saa tatu mpaka saa saba, kwa wiki hizi kumi. Mkuu wa shule yuko hapa na hatumsemi nyuma ya mgongo: alitujibu kwamba watoto wetu hawamo kwenye daftari lake la mahudhurio, na kikivunjika kitu ataulizwa yeye. Ana haki ya kuogopa. Tunaomba wewe uandike kwamba wamo. Kikivunjika, waulizwe wazazi hawa waliosimama.

Tunaomba fundi wa maabara awe nao, hata kama ni mwanafunzi wa chuo aliye mazoezini, awepo mtu wa kumwambia mtoto, "Angalia tena."

Tunaomba pia lile jedwali la mfano kwenye vitini vijavyo liachwe wazi. Libaki mistari tu. Watoto watalijaza.

Na kama lazima aadhibiwe mtu kwa zile arobaini zilizoandikwa mara ishirini na saba, basi mshonaji huyu hapa. Ana akili timamu, na hajaambiwa na mtu aseme hivi.

MWISHO

Mgeni rasmi, huenda ulipoingia uliona uzi unaning'inia kwenye boriti, kufuli chini yake, ukadhani ni mapambo. Asubuhi, kabla watoto hawajafika, tulimpa katibu wako aliyetangulia kufika mkasi na kibunda cha uzi, tukamwomba aukate anavyopenda, asituambie. Sisi hatujui urefu wake. Mwalimu hajui. Hakuna kitini chenye jibu lake popote duniani.

Tukimaliza kusoma, watoto ishirini na wanane watasogea na saa zao na rula zao, kila mmoja peke yake. Watapima, watahesabu, wataandika kwa kalamu ya wino, na karatasi zitakuja mikononi mwako bila kupita kwetu. Nawe mama tumekuwekea saa na karatasi tupu. Hesabu pamoja nao.

Hatuahidi kwamba namba zao zitafanana. Zikifanana mno, tushuku tena. Tunaahidi kwamba kila mtoto ataandika alichokiona, na ukimuuliza, atakibishania mbele yako bila kumtazama mama yake usoni. Akishindwa hilo hata mmoja, barua yako na isimame, tutakusindikiza kwa heshima. Wakiliweza, usituache turudi kwenye chaki.

Mungu akulinde njiani, akupe macho ya kuona kilichopo, na akupe ujasiri wa kukiandika kama kilivyo. Atujalie na sisi vilevile.

Kifungo, mwanangu, shika kufuli. Ukiwa tayari, sema haya.

Ni sisi,
Wazazi na Walezi wa Darasa la Jumamosi,
Chumba cha Nyuma.