Maganda ya Vitunguu kwa Ajili ya Figo

Kwenye treni, mbele yangu, fundi anayeyeyusha risasi ya betri kuukuu alimwomba mama muuza vitunguu aliyeketi naye maganda makavu. Sumu ya risasi imeanza kumla figo, na redioni amesikia maganda hayo yaliokoa figo za panya.

"Kwani panya hao walikuwa mafundi betri?" mama akauliza. "Acha hiyo kazi, baba."

"Niiache wakati dawa ipo?"

"Haya, utayachemshia wapi?"

"Kwenye sufuria ninayoyeyushia risasi. Mke wangu kanikataza kugusa zake, eti anaogopa sumu."

Nikatamani safari hiyo ningekaa na huyo mke badala ya mumewe.

"Basi nunua sufuria nyingine," mama akasema, akimpa mfuko wa maganda shingo upande.

Treni ikasimama. Fundi akashuka na mfuko wake.

"Nitanunua, mama. Ngoja kwanza nipone."