Foleni Iliyopungua Nusu

Fundi cherehani hakutega sikio; alikaa tu kiti cha nyuma ya binti na mama mmoja kwenye basi, na masikio hayana vifungo. Binti wa watu alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye, bila kuulizwa, kwamba anasomea uzamili wa kubuni huduma.

"Kubuni huduma ndiko kufanya nini?" mama akauliza.

"Kumrahisishia mtu, mama. Mimi pale kliniki ya macho niliondoa dirisha la mapokezi, nikaweka mashine ya namba. Mwezi mmoja tu, foleni ikapungua nusu. Profesa wangu kaisifu mpaka nikaona haya."

Mama akavua miwani yake myeusi, akaifuta taratibu. "Niliifikia mashine hiyo. Nilisimama mbele yake mpaka saa sita, sioni pa kubonyeza. Nikarudi nyumbani. Jicho hili la kushoto halikunisubiri."

"Sasa mbona hukuuliza, mama?"

"Nimuulize nani, mwanangu, na dirisha uliliondoa?"

Binti akafungua daftari lake, akalifunga. Basi likasimama. Mama akainuka, akapapasa chuma cha mlangoni.

"Hiyo nusu iliyopungua," akasema, "na mimi nimo."