Gari la Helena: Wasifu wa Marehemu Mwalimu Cuthbert Selestini Nachipyangu (1963–2025)

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Cuthbert alizaliwa Chiwata, Masasi, tarehe 14 Februari 1963, mtoto wa pili wa Katekista Selestini na Mama Yuster. Anayesoma hapa ni Bibiana, dada yake, aliyembeba mgongoni. Mjane amesema wasifu usomwe wote, na wote utasomwa.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Chiwata, sekondari Newala, kisha chuo cha ualimu. Akili alikuwa nazo, lakini mbishi balaa! Aliwahi kubishana na baba yake tarehe ya Pasaka mpaka uji ukapoa, na kalenda iko ukutani.

Alifundisha hesabu Mkunya tangu 1986 hadi alipostaafu Februari 2023. Watoto walimpenda. Mvua ikinyesha aliwafikisha wadogo makwao chini ya mwavuli wake, wawili wawili, yeye mwenyewe akarudi ameloa chapachapa.

Tarehe 9 Juni 1990 alifunga ndoa na Helena, binti wa Lupaso, wakajaliwa Loveness na Bernard. Alipopata kiinua mgongo alinunua gari dogo, akaliandikisha kwa jina la mpwa wake Chrispin, mtoto wa Bibiana huyuhuyu. Kwa Wamakonde mali ya mjomba huangukia kwa mpwa, kwa hiyo hakuona tatizo. Helena aliliona. "Baba Loveness, dawa ya mikorosho napuliza mimi, kifua kimeniisha, halafu gari liwe la Chrispin?" Alinuna miaka miwili. Chrispin akalikatia bima ndogo, ile ya lazima, inayomlipa mtu utakayemgonga. Bima kubwa, inayotengeneza na gari lako, Cuthbert aliikataa kwamba ni ghali.

Juni mwaka huu, ndoa ilipotimiza miaka thelathini na mitano, moyo ukamlainika. Akabadilisha kadi, gari likawa la Helena. Mama wa watu alitoa shukrani kanisani huku machozi yanamtoka. Wiki hiyohiyo Godwin, wakala wa bima pale Masasi, alimfuata.

"Shikamoo, Mwalimu. Bima ile ni ya Chrispin, na gari si lake tena. Kata nyingine kwa jina la Mama Loveness, hiyo ya zamani haifanyi kazi."

"Marahaba. Namba ya gari imebadilika?"

"Hapana."

"Basi! Nimeangalia kwenye simu, bima inasoma mpaka Desemba. Nyie mnatafuta hela tu."

Mwalimu wa hesabu huyo! Godwin alijaribu mara ya pili, akafukuzwa barazani.

Tarehe 12 Julai, akiteremka kutoka Newala, breki zilikataa. Akamkumba Lukmani, mkulima aliyekuwa anakokota baiskeli yenye makopa ya muhogo, akamvunja miguu yote miwili, na gari likaishia korongoni. Cuthbert alivunjika mbavu, damu ikavujia ndani, akalazwa wiki tatu. Huko wodini ndiko Godwin alikoleta jibu: kampuni hailipi, kwa sababu aliyekatiwa bima si mwenye gari. Ndugu wa Lukmani watamdai mwenye gari. Mwenye gari ni Helena, na Helena hana kitu duniani ila shamba la mikorosho aliloachiwa na mama yake.

Wakati huo Helena alikuwa anamnywesha mumewe uji. Cuthbert akamtazama, akasema, "Ungekubali tu likabaki la Chrispin." Radhi hakuomba. Helena akampangusa mdomo, akaendelea kumnywesha. Kesho yake, Jumapili tarehe 3 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, Cuthbert akafariki. Neno lile la mwisho lilikuwa la roho mbaya, hata dada yake analisema, na anamlilia hivyohivyo.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, dada mmoja, na mpwa wake Chrispin, ambaye hadaiwi na mtu. Ndugu zake Lukmani wamekaa kule nyuma. Familia inawashukuru kwa kuja kuzika. Mwalimu Cuthbert apumzike kwa amani. Helena kesho asubuhi yuko Lupaso, kuwaonyesha ndugu zake Lukmani mipaka ya shamba la mikorosho.