Fundi Povu na Gari Linaloinuka

Ijumaa tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, fundi mkuu wa springi na mifumo ya upepo katika karakana yetu ya mabasi atavua ovaroli yake ya buluu, aitundike msumarini na kwenda zake nyumbani. Jina lake halisi liko kwenye orodha ya mishahara na sijui kama limewahi kutumika mahali pengine. Kwetu yeye ni Fundi Povu. Hata mkewe, ambaye mafundi humwita shemeji nami humwita wifi, akipiga simu stoo huuliza, "Povu yuko wapi?"

Wafanyakazi wapya hawajui jina hilo limetoka wapi. Alipoajiriwa, mabasi yetu yalikalia springi za mabamba ya chuma, na abiria wa kiti cha nyuma walishuka wameshika viuno. Kisha yakaja mabasi yanayokalia mifuko ya mpira iliyojazwa upepo. Wengi wetu tuliona ni maputo ya watoto, lakini yeye aliipenda siku ileile. Akatafuta brashi ya kunyolea ndevu, akaichovya kwenye kopo la sabuni, akaanza kupaka kila kiungo cha bomba. Povu likichemka, upepo unavuja. Likitulia, basi lina ruhusa ya kutoka. Madereva walinung'unika, wakasema anayanyoa mabasi, mwisho wakanyamaza, kwa sababu basi alilolipaka halikuwahi kulala njiani.

Ugonjwa wake wa kuusaka upepo hauna likizo. Kwenye harusi ya mhasibu wetu alionekana amechuchumaa ndani ya suti mpya, anapaka mate kwenye valvu ya tairi la gari la maharusi. Bibi harusi alisubiri. Valvu ilikuwa inavuja kweli, na picha ya tukio hilo ndiyo pekee mhasibu aliyoitundika sebuleni.

Mwandishi wa mistari hii ni mtunza stoo, kwa hiyo niruhusiwe kushuhudia jambo ambalo wengine hawawezi. Katika miaka yote hiyo, Povu hakuwahi kuniomba hata nati moja ya kampuni kwa shughuli zake. Nalitaja kwa sababu mwaka huu alikuwa na kila kisingizio.

Ana gari dogo la zamani, rangi ya maziwa, lenye bampa za kromu. Yeye na mkewe walilinunua likiwa tayari limezeeka, kabla hawajapata mtoto wa kwanza, na kila Jumapili liliwazungusha mjini. Mwaka jana wifi alianguka bafuni, akavunjika nyonga, akapasuliwa. Alipona, sasa anatembea kwa mkongojo, lakini daktari alimkataza kuketi chini sana. Gari la kizamani nalo, kama mjuavyo, kiti chake kinakaribia kuisalimu barabara. Siku aliyotoka kliniki kwa teksi, wanaume wawili asiowajua walimtoa garini kwa kumbeba. Wifi yangu ni mwalimu mstaafu aliyekuwa akituliza darasa zima kwa kukohoa tu. Alipofika sebuleni akatangaza: "Mimi si gunia. Sitoki tena humu ndani mpaka niingie garini na kutoka kwa miguu yangu mwenyewe."

Na kweli hakutoka. Harusi ya mpwa wake ilimpita. Povu alipomkumbusha kwamba siku ya yeye kuagwa kazini inakaribia, alijibiwa kwamba picha zitatosha. Huyo ndiye mtu aliyemtaka kwenye sherehe hii kuliko sisi sote, mkurugenzi akiwemo.

Mabasi yetu hupunguza upepo na kupiga magoti ili abiria apande. Povu akawaza kinyume chake: gari lake liinuke. Kuagiza vifaa vipya kungekimaliza kiinua mgongo kabla hakijatoka, kwa hiyo akaenda kwa wauza vyuma chakavu. Akapata mifuko minne midogo ya upepo iliyokuwa imebeba kebini za malori yaliyokufa, tangi la upepo wa breki la lori dogo, na pampu ya umeme ya fundi pancha aliyehamia biashara ya kuku. Jirani yake mchomeleaji alimtengenezea vikalio vya chuma vya kushikia mifuko hiyo, kwa makubaliano kwamba brashi ya sabuni ipite pia kwenye mitungi yake ya gesi. Mfuko mmoja ulikuwa na ufa mdogo. Povu aliurudisha palepale, akisema mtu abane matumizi kwenye rangi, si kwenye mpira unaombeba mke wake.

Siku ya majaribio alilileta gari mbele ya lango letu wakati wa chakula cha mchana. Alihitaji mtu wa kukaa kiti cha abiria, mwenye uzito wa maana. Macho yote yakanigeukia, na ukweli ni ukweli, nikaingia. Akafungua valvu, gari likaumuka taratibu kama mkate. Kisha upande wangu ukaanza kuzama na upande wa dereva kupanda, mlango ukafunguka, nikamwagika nje kama unga. Watu walicheka mpaka mpishi wa kantini akatoka na mwiko mkononi. Mazoea yana taabu: Povu alikuwa ameunganisha kushoto na kulia kwa bomba moja, kama ilivyo kwenye ekseli ya mbele ya mabasi yetu. Basi zito linavumilia. Gari dogo, mtu akikaa upande mmoja, upepo unakimbilia upande wa pili.

Yeye peke yake hakucheka. Alinishika mkono, akaniuliza kama nimeumia, akabaki anaitazama ile nafasi kati ya kiti na lami. Kila anayemjua alielewa anamwona nani pale. Aliogopa, na si aibu kuliandika hilo hapa. Lakini woga wa Povu una mikono: jioni ile bomba lilikuwa nje, na kila gurudumu likapewa bomba lake na valvu yake. Akapaka sabuni kila kiungo, povu likatulia. Akaliacha gari limeinuka, akachora mstari wa chaki ukutani usawa wa bampa, akaenda kulala. Asubuhi bampa ilikuwa palepale. Hakuridhika, alirudia wiki nzima, nami nikakaa tena na tena, mara hii bila kumwagika.

Jumapili iliyopita nilialikwa kwao. Gari lilikuwa mlangoni, limeinuka upana wa kiganja, na mto mgumu juu ya kiti, maana upepo nao hauwezi yote. Wifi akatoka na mkongojo wake. Alilizunguka gari kama anayekagua madaftari, akageuza mgongo, akaketi. Hakuna aliyemgusa. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akafunga mlango mwenyewe, akashusha kioo. "Mbona umechelewa hivi?" akamwambia mumewe, utadhani alikuwa anasubiri kituoni. Povu alijifuta macho, akasingizia sabuni. Siku hiyo hakuwa ameshika sabuni.

Fundi Povu, umetuachia mafundi uliowafunza, ambao sasa wanapaka sabuni hata pasipohitajika. Umetuachia na brashi yako. Iko stoo, na simwazimi mtu. Ahsante kwa kila basi lililotoka hapa na kurudi salama. Nenda ukazunguke mjini kila Jumapili, na barabara ziwe laini. Zisipokuwa laini, unajua la kufanya. Wewe na wifi, tunawatakia maisha mema, marefu, yasiyovuja.

Kwa wafanyakazi wenzangu nina ombi moja. Ijumaa, tukiwa tumeketi uani, gari la rangi ya maziwa litapita lango kuu na kusimama mbele yetu. Mtu asikimbilie kumshika wifi mkono, wala kumfungulia mlango. Tulieni mpaka msikie upepo ukiingia kwenye mifuko. Gari likianza kuinuka, nasi tuinuke.