Jeli ya Kitani ya Phelister

Ndugu waombolezaji, tunaomba mkae, na walio kwenye viti vya mbele wasiondoke kabla hatujamaliza. Phelister Akoth alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Ugenya, kitindamimba wa Mzee Obonyo aliyefanya kazi ya reli, akaletwa hapa Makongeni, Nairobi, angali mchanga, akasoma hadi kidato cha nne mwaka 1999, akajifunza ususi, na tarehe 12 Agosti 2006 akafunga ndoa na Sylvance Opiyo, msimamizi wa bibi harusi akiwa rafiki yake wa kufa kuzikana, Jacklyne, wakajaliwa watoto wawili, Celine na Ooko.

Mwaka 2019, alipochoka kuona jeli za dukani zikikausha nywele za wateja wake, aligeukia mbegu za kitani, kwa maana ganda la mbegu hiyo limebeba ute mkavu, ukipata maji unafura na kuivika mbegu koti la utelezi, na utelezi huo ndio unaolaza nywele. Alihangaika miaka miwili, sufuria zikiungua, Sylvance akinung'unika kwamba nyumba inanuka uji, mpaka jeli ikakubali, naye akamfundisha mtu mmoja tu. Loo! Januari 2022 Jacklyne akafungua duka Komarock, jeli ile ile, kopo lina sura yake, na kanisani akashuhudia kwamba ameoteshwa na Mungu.

Saratani ya titi ilipogunduliwa Mei 2023, Jacklyne hakukanyaga wodini, ila leo ameleta shada kubwa kuliko la familia, na amekaa mbele kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza akalishwe hapo. Phelister alifariki tarehe 9 Juni 2025, hakusamehe, nasi hatutadanganya mbele ya jeneza lake.

Aliagiza pia kila msusi wa mitaa hii ya Eastlands asikie haya: kikombe kimoja cha mbegu kwa vinane vya maji, chemsha ukikoroga mpaka ute uvutike kama wa yai bichi, kisha uchuje ungali moto kwa soksi ndefu ya nailoni, maana ukipoa unang'ang'ania mbegu na hautoki, halafu uweke kwenye friji. Mbegu zilizobaki tia kwenye uji, na maji ya kusuuza sufuria mwagia miche ya sukuma wiki, udongo utashika unyevu. Ni bure. Wenye simu rekodini, tutarudia.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani wa Makongeni na wasusi wenzake waliomwosha na kumlisha. Jacklyne, asante kwa kuja. Lala salama, Phelister, huku tunachemsha.