Aliyeingoja Boriti Ipoe

Ijumaa hii, tarehe 31 Agosti, Fundi Taratibu anarudisha mkanda wake wa usalama stoo baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuunganisha vyuma katika kampuni yetu. Wahariri wa jarida wameniomba mimi, mwendesha kreni, niandike habari zake. Nimekubali, ingawa kwa miaka kumi na tisa nimeuona utosi wake zaidi kuliko uso.

Aliajiriwa kupaka rangi ya kuzuia kutu. Mwaka wa pili akapewa ndoo ya bolti, wa nne akapewa spana, na tangu hapo hakushuka ila kwa chakula. Jina alilipata kwa ishara yake: kiganja kikitazama chini, kikipapasa hewa kama cha mzazi anayembembeleza mtoto alale. Kwa ishara hiyo nimeshusha boriti za tani nane mahali pa kupenya kisu tu, na katika kikosi chake hakuna aliyepoteza hata ukucha.

Mkewe alibaki nyumbani, safari ya siku nzima kwa basi, akiwalea watoto wanne. Siku moja alipotutembelea kazini alitutania kwamba waume wa wenzake hurudi na zawadi, wa kwake hurudi na nati mifukoni, naye amekwisha kujaza kopo. Kila alipomuuliza lini atarudi kukaa, Fundi alijibu kwamba mradi huu ukiisha. Miradi haikuisha. Wakati wa chakula alikuwa akitusimulia habari za mlango wa jikoni kwake uliolegea bawaba, unaojiburura sakafuni, na jinsi likizo ilivyokuwa ikimwishia kabla hajaugusa. Tulicheka. Yeye alicheka nusu.

Mwaka jana tukaletwa kukarabati uwanja wa mpira. Paa la jukwaa la mashariki lilikuwa limeoza, tukalivua lote na kusimamisha kenchi mpya juu ya nguzo za zamani. Ikabaki boriti moja. Siku hiyo Fundi alikuwa na ruhusa: binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa kesho yake, na basi lilikuwa linaondoka saa tisa alasiri. Begi lake lilikuwa tayari kwenye kibanda cha mlinzi.

Saa saba niliipandisha boriti. Upande mmoja ukakaa, upande wa pili matundu yakakataa kukutana, yakapishana kwa upana wa kidole. Wenye mabati walikuwa wanasubiri, kwa hiyo mhandisi akaagiza matundu yachomwe kwa gesi yapanuke. Fundi akapinga. Alieleza kwamba chuma kilichopigwa jua tangu asubuhi kimejinyoosha, kikipoa kitarudi, na tundu lililochomwa halina uaminifu tena juu ya vichwa vya watu. Aliomba tungoje hadi asubuhi.

Mhandisi alilitazama paa, akamtazama yeye. "Ukisema asubuhi," alisema, "basi asubuhi uwe wewe mwenyewe juu."

Fundi aliangalia saa yake. Angeweza kunyamaza, mwenye gesi akafanya alivyoagizwa, naye akaliwahi basi. Alinipa ishara niishushe boriti, kisha akaenda kumpigia simu mkewe. Sijui waliongea nini. Begi lilibaki kwa mlinzi.

Alfajiri, vyuma vikiwa bado na umande, niliipandisha tena. Bolti zote ziliingia kwa mkono, bila nyundo. Kikosi kilipiga makofi. Fundi aliketi juu ya boriti, uso ameuelekeza upande wa kwao, nami nikazima injini ili kuwe kimya. Aliposhuka, simu yake ililia, akaipokea akiwa amesimama karibu yangu. Nilisikia sauti ya binti.

"Baba, njoo hata kama wageni watakuwa wameondoka. Mimi nipo."

Alifika usiku, viti vimekwisha kubebwa. Bibi na bwana harusi walikuwa wamekaa mlangoni wanamsubiri. Aliporudi kazini alituambia hayo tu, halafu akakaa siku nyingi bila utani. Mwaka huu kampuni ilipomwomba aongeze mkataba, alishukuru na kukataa. Alisema neno "mradi ukiisha" amelisema mara nyingi mno, na mkewe, aliyemngoja miaka yote, hajawahi kumwambia hivyo hata mara moja.

Fundi, kaka yangu, asante kwa kila boriti iliyokaa na kila mtu aliyeshuka salama. Mashabiki watakaa chini ya paa lile wasijue umewalipia nini. Sisi tunajua. Tayari nimeanza kukukumbuka, na bado uko pale chini unakunja kamba. Kampuni nzima inakuombea afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi zisizo na kitu kinachoning'inia juu ya kichwa chako. Nenda ukakae nyumbani.