Historia ya Marehemu Matheka Maingi, Fundi Aliyeitwa Mwizi Huko Mbotela

"Shilingi elfu moja mia nane? Sitoi hata ndururu, shimo hili umelitoboa wewe, mwizi!" Ndivyo alivyoambiwa ndugu yetu Matheka Maingi, Jumamosi tarehe 9 Juni 1979, mbele ya wateja na akina mama wauza mboga wa Mbotela, na kwa kuwa wapo waliolisikia neno hilo kabla ya kuijua kazi yake, familia imeona tuanze nalo, kisha turudi nyuma kwa utaratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Machi 1936 huko Kangundo, mtoto wa pili wa mzee Maingi na mama Mbeti, akasoma hadi darasa la nne, karo ikakatika, akaja Nairobi mwaka 1957 kufagia gereji, akajifunza kunyoosha bati kwa kutazama tu, hadi 1971 alipofungua kiwanja chake cha kazi hiyo huko Mbotela. Tarehe 15 Desemba 1962 alifunga ndoa na Koki, wakajaliwa Kavata, Mukai na Maingi mdogo, na sisi tunaozikumbuka Jumamosi za kiwanjani hapo tunaisikia bado nyundo yake, watoto wakicheza mpira kati ya magari ya Pijo na Morisi yaliyovuliwa milango, na Koki akija na birika la chai akiuliza, "Leo umemfufua nani?"

Alikuwa na sharti moja, kwamba hafungui gari mwenye gari asipokuwepo, wala hapaki rangi kabla mwenyewe hajagonga kiraka kwa kidole akasikia bati likijibu, kwani rangi, alisema, ni kama shuka, hufunika hata kitanda kilichovunjika.

Bwana Bedan Kinyanjui, mfanyabiashara wa Makadara, alimletea Pijo 403 nyeupe aliyoinunua kwa mtu, iking'aa, ina kichunusi tu cha kutu chini ya mlango, akaombwa asubiri, akasema ana haraka, endelea tu, na marehemu, mara hiyo moja, akakubali. Bisibisi aliyoigusisha kwenye kutu hiyo ilizama hadi mpini. Ndani akatoa magazeti yaliyosokotwa, saruji, na kopo la mafuta ya kupikia lililopondwa likafunikwa kwa puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati, kazi ya fundi wa zamani asiyejulikana, akakata uozo wote, akachomelea bati jipya, na Kinyanjui aliporudi akaliona lundo lile na kusikia bei, ndipo likamtoka lile neno la mwizi. Marehemu hakujibu kwa upole, tusidanganyane kwa sababu amelala, alimwambia, "Shika nyundo, gonga upande wa pili ambao sijaugusa, ukisikia bati nitaitafuna hiyo nyundo!" lakini Kinyanjui akalifunga gari kamba, likavutwa, wateja wakapungua, na Kavata akakaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa karo.

Agosti 1981 Pijo hiyo ilipata pancha Barabara ya Jogoo, jeki ikawekwa upande ule wa pili, ikapanda, ikapanda, ikatokezea ndani karibu na kiti, gari lenyewe limekaa palepale, saruji inamwagika, na mpita njia akampazia Kinyanjui sauti, "Mzee, hii ni gari ama ni ploti ya kujengwa?" Kesho yake mjumbe wa Kinyanjui alileta zile elfu moja mia nane, marehemu akazirudisha, akisema, "Pesa zimefika, maneno yamebaki wapi?"

Kifua kilimshika Januari 1987, akalazwa mara tatu, akatuacha alfajiri ya tarehe 21 Aprili 1988, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Mbotela mliochanga bila kuitwa, na mafundi wenzake mliouchomelea msalaba wake, bila puti. Lala, mwana wa Mbeti, umechoka, pumzika.

Na wewe Mzee Kinyanjui, tumekuona hapo nyuma, na asante kwa kuja, lakini gari la kumpeleka kuzikwa Kangundo haliondoki bado: simama, uliondoe lile neno.